Mbunge Aliyelelewa na Mama

"Mbunge wetu anakuja Jumamosi," mama aliniambia, na nikajua ni yupi. Si wa Kibera wala wa Kawangware, ni wa Uingereza. Mama alikuwa yaya kwa wazazi wake hapa Nairobi, akamlea tangu uchanga hadi walipofunga virago baada ya uhuru. Kila Krismasi huyo mtoto alimtumia mama kadi. Ndivyo tulivyojua ameoa, amesimama uchaguzi akaanguka, amesimama tena akapita. Mama alizibeba kadi hizo kanisani pale Gatina, mtaani kwake, akiwaringia akina mama wenzake.

Mimi na huyo mzungu ni rika moja. Waajiri hawakutaka mtoto wa yaya kwao, kwa hivyo nilipelekwa kwa nyanya, kijijini Magharibi mwa Kenya, hata sijaacha kunyonya. Mama nilimwona Krismasi tu, tena mwaka alioruhusiwa. Nilipokuja Nairobi kujifunza useremala tayari nilikuwa na ndevu. Hakuwahi kuligusia jambo hilo. Yeye alichinja kuku. Kila nilipotoka kwangu Sarang'ombe kumtembelea, firigisi, ambayo kwetu huliwa na mwenye mji, iliwekwa kwenye sahani yangu, naye akinitazama nikitafuna hadi nikaona haya.

Jumamosi hiyo majirani walijaa mlangoni. Mbunge ni mbunge bwana, lazima atoe kitu! Mzungu alipowaeleza, kwa Kiswahili cha kitoto, kwamba kazi yake huko kwao ni kuketi ofisini akisikiliza watu wakilalamikia paa linalovuja na pensheni iliyochelewa, jirani mmoja akauliza, "Na hutoi kitu? Sasa wanakuchagulia nini?" Tulicheka, na yeye akacheka kutushinda. Nilitaka sana awe mtu mbaya, lakini wapi.

Majirani walipoondoka tukaketi kula, sisi watatu. Mama akampa yeye firigisi. Aki nusura nipindue meza. Kisha mzungu akasema, "Mama, unakumbuka hii?" na akaimba wimbo wa kubembeleza mtoto, kwa Kiluhya, lafudhi ya kijiji chetu kabisa. Mimi sikuwahi kuimbiwa wimbo huo. Mama aliitikia, machozi yakimlengalenga, na hakuthubutu kutazama upande wangu.

Nilichotaka kilikuwa kidogo tu: aseme mbele ya huyu mtu kwamba nilikuwepo.

Basi mzungu mwenyewe akasukuma sahani kando. Alisema kuna jambo linalomnyima raha tangu apate watoto wake. "Mama, wakati ule ukinilea mimi, ulikuwa na mtoto wako?"

"Nilikuwa na wewe," mama akasema.

Mzungu akanigeukia mimi. "Na huyu?"

Chini ya meza mama alishika shati langu. Uso wa mzungu ulikuwa umeiva kwa wekundu, na nikaona kwamba anaogopa jibu. Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi nikichunga ng'ombe wa nyanya, nikipiga randa, nikiwa kitandani. Mama akazidi kuvuta shati.

"Mimi nilikuja baadaye," nikasema. "Mlikuwa mmeshaenda."

Mimi ni mwembamba na sina mvi, akaamini. Alishusha pumzi ndefu. "Afadhali," akasema. "Niliogopa sana." Akamkumbatia mama, akanipa mkono kwa nguvu, na gari lake likaondoka na watoto wa Gatina wakilikimbiza.

Mama akaanza kuosha vyombo akiwa amenipa mgongo. Nilijisikia vibaya, kana kwamba mimi ndiye niliyemkana yeye.

"Ungemwambia tu ukweli, mwanangu," akasema. "Ningenyamaza."

"Ungeanza wewe, mama."

Aliacha kuosha, akafunika uso kwa leso.

"Ningeanzaje na yeye," akasema, "na hata wewe sijawahi kukuomba msamaha?"