Adelaida na Moshi wa Mlimani

Adelaida Maestas hakuwa mtu wa kuambiwa neno akalimeza. Ukimwambia leo Jumanne, atatafuta kalenda. Ukimwambia neno hilo limetoka Mlimani, hata kalenda haitafuti; ameshajua leo si Jumanne.

Mlimani ndiko iliko maabara ya nyuklia, na kijiji cha Los Quelites kiko chini yake, kando ya mto. Tangu ana miaka kumi na sita alipanda basi la alfajiri na mama yake kwenda kufagia nyumba za wataalamu. Akaolewa, akazaa, akaendelea kufagia. Mumewe Onésimo alichonga vyuma kwenye karakana yao miaka thelathini na mmoja. Wakubwa walimwambia vumbi la vyuma hivyo halina neno. Halina neno! Sasa mzee ana miaka sabini na mbili, mapafu yamekakamaa, anashinda na mpira wa oksijeni puani. Mpaka wakubwa wakiri kwamba vumbi ndilo lililomuumiza, waliandikiana naye barua miaka kumi na minne. Haya, wewe niambie, mwanamke huyo utamlaumu kwa kutoamini watu?

Mwezi wa Juni moto ulishika msitu nyuma ya Mlimani. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Machi na upepo ulikuwa mkali, kwa hiyo siku ya pili tu moshi ulishafunika kijiji, na majivu yakawa yanaangukia miche ya pilipili. Wa Mlimani walihamishwa, magari yao yakapita msururu mbele ya nyumba ya Adelaida. Los Quelites wakaambiwa wakae.

Redio ikatangaza kwamba moto haujafika kwenye mapipa ya taka za nyuklia, hewa inapimwa kila saa, na kilichomo ni moshi wa miti. Ila moshi huo wenyewe ni hatari kwa wenye vifua. Wafunge madirisha, wazime vipoza hewa, na wakiweza waende ukumbi wa shule, ambako hewa inachujwa.

"Umesikia?" Adelaida alimgeukia mumewe. "Eti tuzime! Kwa nini tuzime?"

Kipoza hewa cha kule ni sanduku la bati juu ya paa. Pembeni lina matandiko ya nyuzi za mti, pampu inayalowesha, na feni inavuta hewa ya nje kupitia humo na kuileta ndani ikiwa baridi. Adelaida aliamini, na si yeye peke yake kijijini, kwamba hewa iliyopita majini imeoshwa. Maharagwe unayaosha, pilipili unaziosha, hewa ina nini? Sumu ya Mlimani ingenaswa palepale kwenye nyuzi. Na ndiyo maana wanataka tuzime, alisema, ili siku ya kupima isikutwe.

"Adela, zima hicho kitu," Onésimo alisema kutoka kitini. "Kinavuta moshi. Nausikia kooni."

"Umeanza kuwatetea?"

"Siwatetei. Nimekaa nao, nawajua wakidanganya. Wakidanganya hawakwambii ufanye lolote. Wanakwambia usijali, nenda nyumbani. Leo wanatuambia tufanye kitu."

"Basi wamejifunza uongo mpya, mume wangu."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Adelaida akampa maji, akapanda ngazi kwenda kuhakikisha pampu inalowesha vizuri.

Mchana Marisela alibisha hodi. Alikuwa binti wa jirani, mwuguzi wa idara ya afya, na Adelaida ndiye aliyemlea utotoni, wakati mama yake akiwa kazini. Alikuja na barakoa na gari la kupeleka wagonjwa shuleni.

"Shangazi, nimekuja kumchukua mzee."

"Nani kakutuma?"

"Idara ya afya. Shangazi jamani, mimi ni Marisela!"

"Wewe nakujua. Mashine zenu za kupimia hewa nani kazileta?"

Marisela akamnyooshea barakoa. "Moja yetu. Nyingine wametuazima wa Mlimani."

"Ahaa! Mwizi kawaazima kufuli." Adelaida alipiga makofi. "Onésimo haendi kukaa huko shuleni wampime kimyakimya kama panya."

"Niache niende, Adela," mzee alisema taratibu. "Hapa sipumui."

"Kesho. Tuone kwanza kesho wanasema nini."

Marisela aliomba walau kipoza hewa kizimwe. Akaitikiwa ndiyo, lakini alipotoka tu kikawashwa.

Kesho yake redio ilirudia maneno yaleyale, na Adelaida akaona kurudia huko ndiko ushahidi. Siku mbili feni ilizunguka. Alimsogeza Onésimo chini ya tundu la hewa, apate ile safi zaidi, akamfunika miguu kwa shali. Alikuwa akimpenda, na huko ndiko kulikomuumiza baadaye. Siku ya tatu, saa nane mchana, midomo ya mzee ilikuwa ya buluu na hakuweza kumaliza neno.

Adelaida alikimbia mwenyewe hadi shuleni kumwita Marisela, bila viatu. Wakambeba. Gari la wagonjwa lilipoondoka na mzee, Marisela alipanda paa, akazima kipoza hewa, akashuka na tandiko moja la nyuzi. Lilikuwa bichi na jeusi. Ndani, dari iliyozunguka tundu ilikuwa nyeusi vilevile.

"Maji hayakuzuia kitu, shangazi."

"Hiyo ndiyo sumu yao," Adelaida alisema. "Ipeleke ikapimwe. Si kwao! Mbali kabisa."

Marisela alilitia kwenye mfuko, akalipeleka chuo kikuu cha jimbo jingine, kwa watu ambao Adelaida mwenyewe alikubali majina yao. Onésimo alifariki hospitalini siku ya sita. Mvua zilikuja, moto ukazima, na majibu yakafika mwezi wa Agosti. Walisoma pamoja mezani, Marisela akifuata mistari kwa kidole. Masizi ya misonobari. Majivu ya vichaka. Hakuna cha nyuklia kilichozidi kile kinachopatikana kwenye udongo wowote.

Adelaida aliuliza iwapo wamepima tandiko lote au kipande. Lote. Aliuliza iwapo mashine zao ni za Mlimani. Si za Mlimani. Miaka hamsini alikuwa akiomba Mungu awaumbue watu wale, lakini hakuwahi kuomba kwa uchungu kama alivyoomba pale mezani, kwamba na safari hii pia wawe wamedanganya.

"Shangazi," Marisela alisema, "hukujua."

"Aliniambia. Mume wangu aliniambia." Akairudisha ile karatasi upande wa Marisela kwa mikono miwili. "Waambie wapime tena."