Kituo cha Nne kwenye Sidii ya Harusi

Mie si mtu wa kusifu. Wanangu wanalijua hilo. Mtu akinipikia vizuri namwambia imetosha, basi, na yeye ajue mwenyewe nimefurahi kiasi gani. Kwa hiyo sifa hizi za mke wa mwanangu azipokee hapa zilipoandikwa, maana mdomoni kwangu hatazisikia.

Mume wangu alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na ulimi ukawa mzito, neno moja linatoka na matano yanabaki ndani. Ni mtu aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote, kubeba na kupanga mizigo, hakuzoea kuombaomba. Mguu haukumtesa kama kule kuomba. Aombe maji, aombe mto, aombe afunguliwe dirisha. Ikafika mahali akaona heri akae na kiu yake.

Kitu alichokipenda hapa nyumbani Temeke ni video ya harusi ya binti yetu wa kwanza. Harusi yenyewe hakuwa na habari nayo. Alikuwa anamtaka dada yake, wifi yangu, ambaye tulimzika muda si mrefu kabla ya yeye kuanguka. Mle ndani ndimo alimobaki wifi akitembea na kusema. Sasa ile sidii ya harusi ilichomwa, yaani ilinakiliwa, kutoka kwenye mkanda wa zamani, kitu kimoja kirefu kama kamba, hakina mwanzo wala katikati. Ukimtaka wifi lazima upite ndoa, upite masufuria ya pilau, upite kina mama wanavyocheza na kutunzana, ndipo umkute amesimama mlangoni anamuaga biharusi. Mume wangu na mkono wake wa kushoto akibonyeza kwenda mbele, picha inapitiliza. Akirudisha, anajikuta kwenye masufuria tena. Mwisho anaiacha rimoti kwenye kochi, anageukia ukuta. Kutuita hataki.

Mke wa mwanangu ndiye aliyeliona. Ni mtu wa bara, wa Mbeya, anafanya kazi studio moja ya video za harusi, na kazi yake mie sikuwahi kuiuliza inakwendaje. Siku hiyo alikuja, akatoa shikamoo, akakaa mkekani, akawa anamtazama mkwewe anavyohangaika. Hakumpokonya rimoti. Mwingine angeidaka, amsaidie haraka haraka, amuumize zaidi. Yeye alitulia mpaka mzee akaiacha mwenyewe, kisha akanifuata jikoni.

"Mama, baba anamtafuta nani mle?"

Nikamwambia.

"Basi inabidi amfikie kwa kidole kimoja, asimwite mtu."

Akanieleza kwamba kwenye sidii unaweza kuweka alama, hazionekani kwa macho, ila ukibonyeza namba mashine inaruka moja kwa moja mpaka pale. Yeye anaziita chapta. Mie nikasema hivyo ni vituo, akacheka, lakini tangu hapo na yeye anasema vituo. Akasema kompyuta inaweza kujiwekea vituo yenyewe, kila baada ya dakika kadhaa, na studio nyingi wanaiachia ifanye hivyo kwa sababu kazi inakwisha upesi. Nikamuuliza kwani kuna ubaya gani. Akasema mashine haijui harusi, itamshusha baba mahali mtu anatafuna nyama.

Akaja na kompyuta yake, akakaa meza ya chakula, akawa anaisogeza ile video picha moja baada ya nyingine, taratibu kama mtu anayechambua mchele. Kituo cha nne akampa wifi.

Alipoichoma tukaiweka kwenye deki. Mzee akabonyeza nne. Wifi huyo, hapo hapo, anafungua mdomo: "Mwanangu, unatoka." Mie moyo ukanipasuka kwa raha, nikamtazama mume wangu. Anatikisa kichwa. Akabonyeza tena, akatikisa tena. Mwanangu akadhani baba yake hasikii, akaongeza sauti. Mzee akafumba macho.

Mke wa mwanangu akasogea karibu na kiti. Akamuuliza kama siye huyu. Ndiye, kwa kichwa. Akamuuliza kama ni mapema mno. Hapana. Kama kituo kimechelewa. Mzee akafumbua macho, akainua mkono wa kushoto, akapiga mkono wa kiti, ubao wenyewe. Pa. Pa.

Hapo nikaelewa, nikashangaa nililisahau vipi.

Kwa upande wa mume wangu, shangazi hamuagi biharusi hivi hivi. Anasimama mlangoni, anapiga mwimo wa mlango kwa kiganja, mara mbili, na hapo ngoma inakoma na watoto wananyamazishwa. Kisha anakaa kimya, kimya kinachokera, ndipo aseme. Asiyezijua mila hizo ataona mama mtu mzima ameushika mlango asije akaanguka.

"Nilidhani anajiegemeza, mama," akasema mke wa mwanangu.

"Hapo ndipo anapoanza kusema," nikamwambia.

Hakununa. Akarudi mezani kuanza upya, na hapo ndipo ilipokuja shida ambayo mie sikuitegemea. Akiweka alama pale kiganja kinapoinuka, sidii inaisogeza yenyewe mbele kidogo. Alinifafanulia kwamba mle ndani si picha zote ni kamili. Iko moja nzima, zinazoifuata ni nusunusu zinazoiegemea, na mashine haikubali kurukia kwenye nusu. Kwa hiyo tulikuwa tunafika pigo la kwanza limeshapita, tunasikia la pili tu. Kwenye kompyuta lile la kwanza lilionekana sawa. Kwenye deki yetu kuukuu, halipo.

Nikamwambia aache, inatosha, pigo moja si haba.

"Haijatosha, mama. Baba atajua."

Ni mara chache mie kunyamazishwa nyumbani kwangu.

Akalazimisha picha nzima ikae palepale mkono unapoinuka, akachoma nyingine, akaijaribu kwenye deki yetu, akachoma tena. Zilizoharibika nimezitundika kwenye mchicha, zinafukuza ndege mpaka leo.

Baada ya alasiri akaiweka ya mwisho, akampa mzee rimoti, akarudi nyuma. Mzee akabonyeza nne. Wifi akatokea, kiganja kiko juu, hakijagusa kitu. Pa, kwenye mwimo. Na hapa sebuleni mkono wa kushoto nao, pa, kwenye ubao wa kiti. Pa tena, wote wawili pamoja, ndugu na ndugu yake. Kikaja kile kimya. Mume wangu alikisubiri mpaka mwisho, shingo imenyooka, ndipo dada yake akasema, "Mwanangu, unatoka."

Tukamwacha. Jikoni mke wa mwanangu akachukua kisu, akaanza kumenya vitunguu, kisha akauliza bila kunitazama kama imekuwa sawa.

Nikamwambia imetosha.

Akainama juu ya vitunguu vyake anatabasamu, maana kipimo changu anakijua. Na kule sebuleni, bila kumwita mtu, mzee akabonyeza tena.