Magurudumu ya Maganda ya Masasi

Ninyi batoto na bajukuu benye munajua kusoma kuliko miye, musome hii polepole, na hapana kucheka makosa ya mukaka yenu, bibi yenu muzee. Masomo yangu iliishia mwaka ya tatu ya primeri. Mais, lakini, macho yangu ilisoma mingi.

Muzee wangu, babu yenu, alifanya kazi ya reli kule Kisangani mbele ya kurudi Butembo. Kwetu hapa hakuna reli, na haikukuwa hata siku moja. Donc, kwa hiyo, alipozeeka akaanza kutengeneza treni kidogo ya mabati mu lupango yetu, kiwanja ya nyumba, kule Mususa. Batu bakakuja kuangalia, na bengine bakabaki. Kikundi ikakuwa ya banaume tano, bakatoliki na baprotestanti. Kila siku ya Mungu, misa na ibada ikiisha, banafika na bintu mu mukono: mumoja makopo ya sardini, mumoja vyuma vya mwavuli mubovu kwa kufanya reli, mumoja moteri yenye alitoa mu radio ya kaseti. Ile moteri na mapile mbili, betri za radio, ilivuta mabehewa sita. Niliwaambia mara mingi kama ni haya, banaume bazima kupiga magoti mbele ya kopo. Mais chai niliwapikia.

Shida yao ilikuwa magurudumu. Ya muti ilivimba na mvua. Vifuniko vya bia viliteleza. Kisha vita ikapita ku milima yetu, askari bamoja bakatoka, bengine bakaingia, na batoto ba nyumba bakaanza kurudi na maganda ya masasi, ya risasi za bunduki, mu mifuko. Fundi wa mabati, mumoja wa kikundi, akakata ganda moja pale chini ku matako yake, akaliweka ku reli. Ule mufereji kidogo wa ganda ukashika chuma vizuri, kama uliumbwa kwa ile kazi. Banaume bakapiga makofi. Batoto bakatumwa kuokota ingine. Na nani alisugua maganda na majivu na ndimu mupaka ingare? Ni miye.

Sasa paruasi moja, parokia ya Beni, ikatuita tulete treni ku sikukuu ya batoto, kule Mulekera. Tukapanda kamio, lori ya mizigo, miye, muzee na fundi. Treni ilikuwa mu sanduku. Magurudumu ya akiba niliogopa askari batayanyanganya juu ya kungara kwake. Bila kuambia mutu, nikayaficha ndani ya mufuko ya maharagi ya Lubero yenye tulibeba kama zawadi. Hiyo kosa ni yangu, sitaipakaza mutu mwingine.

Ku bariyeri, pale askari banafunga barabara, askari mumoja akaingiza mukono mu maharagi mupaka ku kiwiko. Akautoa umejaa maganda. Akaangalia, akaita benzake.

Mbele nijue nini iko inapita, muzee wangu alikuwa amekalishwa mu vumbi, viatu bamemuvua. Nilisema mufuko ni yangu, ni miye nilificha. Hakuna mwenye alinisikia. Balisema mutu mwenye kuficha maganda iko na bunduki pahali, na muzee ataenda kuionyesha nyuma ya ile nyumba ya mbao. Kila mutu wa ile barabara alijua ile nyumba. Benye balipelekwa nyuma yake, familia zao zilifanya kilio bila maiti. Batu mu kamio bakainamisha vichwa.

Fundi akafungua sanduku. Akasema ni treni tu.

"Treni?" komanda wa bale askari akauliza muzee. "Butembo iko na treni?"

"Hapana, afande."

"Na Beni?"

"Hapana."

"Sasa treni yako inaenda wapi?"

"Inazunguka tu, afande. Inarudi pale ilitoka."

"Kama serikali," komanda akasema, na askari yake bakacheka. Kisha akasema itembee. Isipotembea, muzee atatembea yeye, nyuma ya nyumba.

Muzee akaunganisha reli ku meza ya bariyeri, miguu bila viatu. Akagusanisha nyaya. Treni hapana kutikisika. Akatoa mapile, akaitia mu kwapa ipate moto, akasimama vile, na sisi wote tukamungojea kwapa yake. Akairudisha. Mabehewa ikashituka, ikaenda. Askari bakajaa pale kama batoto. Mumoja akaweka sigara juu ya behewa, ikazunguka, akaipokea upande mwingine, akasema abiria amefika salama. Komanda akamurudishia muzee viatu.

Ile askari wa sigara akapindua behewa, akasoma alama yenye iko chini ya ganda, akaniuliza wapi tuliokota. Nikamujibu: mu mashamba ya viazi, juu ya soko, kisha ile asubuhi masasi ililia pale.

"Ah, mama, ni siye," akasema. Hakukuwa na ubaya mu sauti yake. Aliongea kama mutu mwenye amekutana na mutu wa kwao. "Labda hii moja ni yangu. Tulipiga kila mwenye alikimbia, hata ile mama wa kitunga."

Ile mama wa kitunga, kikapu yake ya soko, alikuwa jirani yangu. Ni miye nilimuosha mbele ya kumuzika. Juma yenye ilifuata, na hii mikono, nilisugua maganda na ndimu.

Muzee alikuwa anafunga kamba za viatu. Neno moja tu ya kinywa changu, na angevua tena.

Nikasema, "Aksanti, afande."

Mulekera batoto balipiga makofi, hata padri. Miye sikuangalia. Muzee aliniuliza kama ninagonjwa, nikafunga sanduku ya treni.

Kesho yake tulifika nyumbani, bugali na sombe viko tayari ku meza. Nyumba muzima bakakaa. Muzee akaanza kuwaelezea bariyeri, akafika pale pa serikali, bakacheka mupaka machozi. Nikasimama.

"Funikeni chakula. Kila mutu alete maganda yote, ya mu mufuko na ya chini ya kitanda, aweke hapa. Na weye, muzee, ngoa magurudumu. Hakuna mutu atakula mu hii nyumba mupaka tuende kuyazika."