Bei ya Kuwasitiri Maharusi

Nimefanya kazi katika studio ya picha za harusi hapa Mji Mkongwe kwa muda mrefu, kiasi kwamba nikialikwa harusini kama mgeni mikono inaniwasha. Studio yetu ni ya wanawake tu. Kwetu, mlango wa ukumbi wa wanawake ukishafungwa, mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, na mama mtu mzima ambaye barabarani humwoni ila macho anacheza mpaka jasho linamtoka. Mwanamume hapiti. Kwa hiyo anayepiga picha ni mwanamke, anayezisafisha kwenye kompyuta ni mwanamke, na anayezipeleka kwa wenyewe ni mwanamke. Biashara yetu yote imesimama hapo. Siku watu wakisema picha zetu zimeonekana na wanaume, tufunge mlango tukauze maandazi.

Tajiri wangu, mwenye studio, ni mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Nampenda, na nalisema mapema msije mkadhani naficha.

Zamani picha zote tuliziweka kwenye diski ndani ya kabati lenye kufuli. Lakini nyumba zetu hizi za mawe zina unyevu, hewa ya chumvi inakula kila chuma, na umeme ukikatika ghafla diski inaweza isiamke tena. Moja ilikufa na harusi nyingi tumboni. Fundi aliyekuja kuifufua alikuwa mwanamume, basi tajiri alikaa ubavuni pake tangu mwanzo hadi mwisho, na kila picha zilipoanza kufunguka alimgeuzia kioo cha kompyuta upande wa pili.

"Fundi, tazama ukutani."

"Bibie, huu ukuta nshautazama mpaka nnaujua," fundi akasema, na ukutani kweli akatazama.

Alituokolea nusu. Siku ile ile tajiri aliniambia nitafute kampuni za kuhifadhi mafaili mtandaoni, huko wanakokuita kwenye wingu, nilinganishe bei zao. Niliiona kazi ndogo. Nilimletea bei ya mwezi ya kila kampuni, nikamwonyesha iliyo rahisi, nikangoja kusifiwa.

"Bei ya kuingilia nshaiona," akasema. "Bei ya kutokea iko wapi?"

Sikuelewa. Alitaka kujua siku tukiamua kuhama na picha zetu zote, watatutoza nini. Nikatafuta, na kweli, ile kampuni rahisi kuliko zote ilikuwa inatoza kila ukitoa chako. Akauliza tena: tukikosa kulipa mwezi mmoja, wanazifuta au wanangoja? Dola ikipanda, na sisi tunalipwa kwa shilingi, nani anafidia? Na bando je? Maana video ya harusi moja ni nzito, bando linakwisha hata bibi harusi hajatoka chumbani kupambwa. Kila swali liliongeza bei ya kampuni moja na kupunguza uzuri wa nyingine. Mwisho ile rahisi ikawa ghali na ile ghali ikaanza kupendeza. Hakusomea mambo hayo, wala mimi sikuyasomea. Ila yeye alikuwa na tabia ya kukiuliza kila kitu kama anayenunua nyumba. Nilikuwa nimekaa pale namtazama na raha zangu.

Ndipo akatokea kaka yake. Yeye anakaa Fumba, kwenye nyumba mpya, mtu mpole na mwenye kazi nzuri. Alikwisha kulipia nafasi kubwa huko huko kwenye wingu na haijai. Akasema, "Ya nini kuhangaika? Wekeni kwenye akaunti yangu. Bure." Akaapa hatofungua hata picha moja, na hakufungua. Tajiri alimwamini kwa sababu ni kaka yake wa tumbo moja, na kwetu kaka ni mtu wa ndani. Yale maswali yote yaliishia pale. Nani atamuuliza kaka yake bei ya kutokea?

Tulipandisha harusi ya kwanza, ya kijiji cha Uroa. Hakuna kati yetu aliyeikumbuka televisheni ya kaka.

Ijumaa kaka alikaribisha wageni wa chakula cha mchana. Televisheni ya ukumbini kwake ilikuwa imeunganishwa na akaunti ile ile, na ikikaa bila mtu kuitazama huanza yenyewe kuonyesha picha za mwenyewe. Watu wako kwenye biriani, mara bibi harusi wa Uroa akatokea ukutani, nywele mpaka kiunoni, anapakwa hina, anacheka. Kaka aliruka akang'oa waya. Kisha akampigia dada yake, na sauti ya simu ilikuwa juu, hata mimi nilisikia.

"Hapana hata mmoja anayemjua," alikuwa akisema. "Wote watu wa mjini. Zifute, tunyamaze, yameshakwisha."

Kwa kweli niliona ana haki. Hakuna ambaye angejua, na tukisema, tumejimaliza wenyewe. Tajiri alikata simu, akazifuta picha zote kwenye akaunti ile, akahakikisha zimefutika, akavaa buibui lake.

"Twende Uroa."

"Kusema nini?"

"Kusema yaliyotokea. Ile sura si yangu mimi, hata niamue kuinyamazia."

Bibi harusi tulimkuta kwa mama yake, pamoja na bibi yake mzaa mama aliyekuwa ameketi mkekani. Tukaamkiana, shikamoo na marahaba, ikaletwa birika la chai. Tajiri akaweka mkono juu ya kikombe chake.

"Chai ntakunywa mkinipa baada ya kusikia n'lokuja nalo."

Akaeleza, tangu wageni wa biriani. Hakumtupia kaka yake lawama, wala hakuizungumza sana ile televisheni. Alisema, "Nimeweka picha mahali ambapo sikupachunguza, na wanaume wamemwona mwanenu." Bibi harusi alijifunika uso kwa mtandio akalia. Mama yake akawa mkali.

"Sisi tuliwachagua nyinyi kwa stara. Si kwa uzuri wa picha!"

"Naam."

"Na usingekuja, tungejua?"

"Msingejua, mama."

Ndipo yule bibi mkekani akauliza, "Na mimi nlikuwamo?"

"Sijui, bibi. Huenda."

"Maana siku ile nlicheza! Kiuno changu hiki nlikitoa chote." Akatikisa kichwa. "Basi hao mabwana wameipata biriani na kitoweo chake."

Bibi harusi akacheka ndani ya mtandio, akilia bado. Mama yake akasema, "Mama, astaghafiru!" lakini naye mdomo ulikuwa ushamshinda.

Bibi harusi alipofungua uso alisema anataka picha zake zote, tusibaki na hata moja. Tajiri alikuwa amekuja na diski mkobani, nakala pekee iliyobaki. Akamwekea mikononi, pamoja na fedha yote waliyotulipa. Hakujaribu kujitetea wala kuomba tubakishiwe picha moja ya kuonyesha kazi yetu. Nimewajua watu wengi wanaosema neno amana, lakini siku ile niliona linavyobebwa, na nilijivunia kwamba yule ndiye tajiri wangu. Kikombe chake alikimiminia chai bibi harusi mwenyewe.

Habari ilitutangulia mjini. Maharusi kadhaa walivunja ahadi zao, na baadhi ya siku tulikaa tunafuta lenzi ambazo hazikuwa na vumbi. Tulifungua akaunti yetu wenyewe kwa ile kampuni ghali, na sasa kila faili tunalifunga kwa neno la siri kabla halijapanda, neno tunalolijua mimi na yeye tu. Kazi inakwenda polepole, bando linakwisha, na kila mwezi tajiri huilaani dola kwa sauti. Hulipa siku ile ile.

Siku moja simu ya studio ikalia. Mwanamke wa Makunduchi, sauti ya mtu mzima. Nikaanza kumtajia bei zetu kama ilivyo kawaida, akanikatiza.

"Bei baadaye, mwanangu. Ndo nyie mlokwenda Uroa kusema wenyewe?"

Nilimtazama tajiri. Alikuwa amesikia, na mikono yake ilikuwa imesimama juu ya kompyuta.

"Ndo sisi," nikasema.



"Basi njooni. Nna mwali anaolewa."