Mkono Uliobaki Gotini

Waliokuwepo siku hiyo katika ukumbi wa kanisa ni hawa. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa tatu, ndiye aliyenipeleka. Mwalimu wake wa picha, kijana anayepiga picha za harusi hapa Kisumu, na Jumamosi anafundisha wanaoanza. Wanafunzi wawili wa chuo kutoka Maseno, mvulana na msichana, wakigawana soda moja. Mama mmoja aliyehamia huku kutoka upande wa Mlima Kenya, mwenye duka la vitambaa mjini, alitaka kujua kupiga picha za bidhaa zake. Na mimi, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Majina yao yote ninayo kichwani, hata ya wazazi wao niliowaulizia, lakini hapa siyaandiki. Wenyewe watajijua.

Picha ninayoisimulia ilipigwa Asembo, ufuoni mwa ziwa, nyumbani kwa marehemu mume wetu. Nasema wetu kwa sababu tulikuwa wake wawili. Mimi ndiye mkubwa. Mwenzangu aliolewa nikiwa tayari na watoto wanne, na kwa miaka mingi hatukusalimiana ila mbele ya wageni. Ujane ndio ulitukalisha pamoja. Baada ya mzee kuzikwa tulibaki na boma moja na hakuna wa kugombania.

Sote wawili hatukuwa na picha ya maana. Kwetu mtu akifa, picha yake inatiwa kwa fremu na kutangulizwa mbele ya jeneza, na watu wanaitazama kuliko wanavyomsikiliza pasta. Kwa hiyo mjukuu alipofika na simu yake mpya, mwenzangu alikwenda kuvaa gauni la kanisa, akaketi nami kwenye benchi, akaweka mkono wake wenye pete ya shaba gotini pangu.

"Nyieka," akaniita, maana ndivyo wake wenza wanavyoitana kwa Kijaluo, "hii ni yetu sote. Ukitangulia wewe, wanikate mimi. Nikitangulia mimi, wakukate wewe."

"Na tukienda siku moja?"

"Basi watakuwa wameokoa fremu."

Akacheka, mdomo wazi. Sisi wa zamani tuling'olewa meno ya chini tukiwa wasichana, na mimi tangu nijue kamera ni nini, nikiiona nafunga mdomo. Yeye hakujali. Pengo lake lote liliingia kwenye picha.

Mle ukumbini walikuwa na utaratibu wao. Kila mmoja anaweka picha yake ukutani kwa mashine ya mwanga, wenzake wanaanza kwa kutaja kilicho kizuri, kisha wanasema cha kurekebisha. Nililipenda jambo hilo. Nilifikiri, watu wa namna hii hawawezi kuumiza mtu.

Ikaja zamu ya mjukuu wangu. Tukatokea ukutani, wakubwa kama mlango.

"Mwanga uko sawa kabisa," alisema msichana wa Maseno.

"Gauni limetoka vizuri, hata nyuzi unaziona," alisema mama wa duka. "Shida ni kwamba sijui nimtazame nani."

Mvulana akasema, "Huyu wa kucheka amezidi. Ni kama yeye ako harusi, na mwenzake ako matanga."

Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo.

Mwalimu hakucheka. Alichukua karatasi kubwa ya manila, akaiegemeza ukutani, ikamfunika mwenzangu. "Sasa tazameni," alisema. "Picha hii ilikuwa na habari mbili zinagombana. Sasa iko na moja. Muone huyu mama alivyofunga mdomo. Hiyo ni huzuni. Amebeba mengi."

Nilikuwa nimebeba nini? Nilikuwa naficha pengo.

"Na huo mkono kwa goti, usiuguse," alimwambia mjukuu wangu. "Mkono usio na mwenyewe unamfanya mtu aulize."

"Kwa hivyo nikate hapa?"

"Kata."

Ndipo akanikumbuka. "Dani, bibi yetu, na wewe? Wewe ndiye uko kwa picha. Unaonaje?"

Nilisimama. "Mrudisheni mwenzangu."

"Anza na zuri kwanza," alisema, kwa upole, jinsi mtu anavyomkumbusha mtoto kuomba kabla ya kula.

"Zuri ni kwamba tulikuwa wawili."

"Hiyo ni hisia, Dani, na tunashukuru. Lakini hapa tunaangalia picha."

Wakanipigia makofi. Nikaketi.

Mjukuu alikata pale pale kwa kidole. Simu yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo akabaki na ile iliyokatwa na nyingine akaifuta. Mimi sikujua. Nilidhani picha ikikatwa ni kama kitambaa, kile kipande kingine kipo mahali kimekunjwa. Yule mwalimu aliipenda sana kazi hiyo, akaichapisha kubwa, akaitundika mbele ya studio yake mjini.

Mvua zilipoanza, mwenzangu alianguka akiwahi kuanua omena, dagaa wetu wa ziwani. Hakuamka. Binti yake anayefanya kazi Bondo alinipigia simu: "Mama mkubwa, nitumie ile picha mlipigwa na mama. Alikuwa akiitaja sana."

Nilimwamsha mjukuu. Alitafuta huku akilia, akatafuta tena. "Dani, iliyobaki ni hii tu." Akanionyesha mimi mwenyewe na ule mkono.

Wakakuza picha ya kitambulisho. Ilitoka kama mtu anayechungulia kutoka ndani ya maji. Siku ya mazishi ikatangulizwa mbele ya jeneza, na wageni wa mbali wakawa wananong'ona: ni nani huyu? Mwanamke aliyecheka kuliko watu wote wa ufuo ule alizikwa na uso wa mtu aliyeshikwa na polisi.

Jioni binti yake alinifuata jikoni.

"Mama mkubwa, nimeiona picha yako Kisumu. Umetoka vizuri."

"Haikuwa yangu peke yangu."

"Najua. Ile pete ya shaba niliijua. Ulitaka mkono wa mama tu, hivyo vingine ukatupa? Hata kwa picha ulikataa kukaa na yeye?"

Nilimweleza habari ya ukumbi, na karatasi, na mwalimu. Mjukuu wangu naye akasema ni kweli.

"Huyo ni damu yako, atasema nini?" Kisha akaniuliza, "Wakimkata, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale."

"Ulikuwa pale," alisema, akatoka.

Tangu hapo hapokei simu yangu. Wajukuu wa mwenzangu wanapita langoni kwangu bila kuingia, na boma ambalo tuliliponya sisi wazee wawili limegawanyika tena kama zamani.

Ndiyo maana nimeandika. Wewe mwenye duka la vitambaa, nanyi wawili wa Maseno, na wewe mwalimu, mlikuwepo. Mimi nakumbuka nilisimama, nikasema mrudisheni. Kama nilikaa kimya na sasa najitungia, nisahihisheni, mimi ni mzee. Lakini kama nilisema, mwambieni yule binti. Bondo si mbali.