Sijambo ya Lucien Ouellette

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Lucien Ouellette kilikuwa shati lake. Lilikuwa shati la kazi, zito, la miraba, lakini mikono yake ilikuwa na mistari ya pasi iliyonyooka kama rula. Cha pili kilikuwa damu. Ilipenya kwenye kitambaa cha kufutia sahani alichojifunga kiganjani, ikadondoka kwenye zulia la ofisi, naye akainama kuifuta kwa mkono ule mzima.

"Hujambo, Bwana Ouellette?" nilimuuliza.

"Sijambo kabisa, binti. Samahani kwa zulia."

Nilikuwa na miezi minne tu tangu nihitimu chuo, na kazi yangu katika mji wetu wa kaskazini mwa Maine ni kuwasaidia askari wastaafu kujaza fomu zao za kudai fidia ya serikali.

"Damu hii ni ya nani?"

"Yangu ni kidogo. Nyingi ni ya Gil Theriault."

Kwenye kiwanda cha mbao, ambako Lucien huingiza magogo kwenye msumeno, siri yake ilikuwa imevuja: serikali ilikuwa imeupima ugonjwa wa akili aliorudi nao kutoka vitani Iraki, ikampa asilimia thelathini ya ulemavu. Tangu hapo wenzake hawakumwita kwa jina. Asubuhi ile Gil alipanda juu ya rundo la magogo ili wote wamsikie.

"Oya, Thelathini! Leo umekuja na ile theluthi yenye wazimu, au umemwachia mkeo?"

"Nyamaza, Gil."

"Mwacheni, jamani! Asilimia sabini yake bado ni mtu!"

Watu walikuwa bado wanacheka wakati Lucien alipompiga Gil tayani kwa ndoano ya chuma ya kugeuzia magogo. Meno mawili yaliruka kwenye vumbi la mbao. Gil alianguka, Lucien akamkalia kifuani, akampiga ngumi mpaka uso ukakosa umbo, kisha akamshika ukosi na kumburura kuelekea msumeno uliokuwa ukizunguka. Wanaume wanne walimng'oa. Kichwa cha Gil kilikuwa kimebakiza hatua mbili.

"Nikirudi pale nitaua mtu," aliniambia, kwa sauti ile ile aliyoombea radhi zulia.

Asilimia sabini ingemfungulia njia ya kuhesabiwa kuwa mtu asiyeweza kazi, akae nyumbani, atibiwe. Thelathini ilimrudisha kwenye msumeno. Ngazi zenyewe ni chache: sifuri, kumi, thelathini, hamsini, sabini, mia. Hakuna arobaini wala sitini. Anayeamua hamwoni mtu, anasoma karatasi. Wala hapimi ulichokiona vitani. Anapima jinsi ugonjwa unavyoharibu kazi yako na maisha yako na watu. Hasira za ghafla zinazoishia katika kupiga watu zimeandikwa waziwazi kwenye ngazi ya sabini.

Nilifungua faili lake, nikamsomea maneno ya daktari wa serikali aliyempima: "Amefika mapema. Nadhifu, amenyoa ndevu, nguo zimepigwa pasi. Anasema hajambo. Anasema nyumbani ni shwari."

"Ulimwambia daktari hujambo?"

"Si aliniuliza? Ningemjibu nini? Jeshini unasema sijambo hata ukiwa umeshika utumbo wako mkononi."

"Hakuwa anakusalimu tu, mzee. Alikuwa anaandika."

Mlango ulifunguliwa, akaingia mkewe, Noella, ambaye habari za kiwandani zilimfikia jikoni kwenye shule anakopika. Alikuwa amejifunga skafu mpaka kidevuni. Aliisoma ile ripoti akiwa amesimama.

"Pasi ni yangu mimi," alisema. "Nilitaka wajue ana mtu. Kumbe nilikuwa namkatia asilimia?"

"Hapana, mama. Ila daktari aliandika shati, na hakuna aliyemwandikia mengine. Tunaweza kuomba apimwe upya. Barua ya mtu anayeishi naye huhesabiwa kama ushahidi."

Noella alitoa karatasi iliyokunjwa kwenye mkoba. Alikuwa ameiandika tangu Jumapili, ila hakujua ampe nani.

"Isome hapa hapa," Lucien alisema.

"Lucien, tafadhali."

"Isome."

Akasoma: "Jumapili mchana mume wangu alisinzia kwenye kochi. Nilipomfunika blanketi alinikaba koo, macho wazi, akanibana ukutani mpaka nikaanza kuona giza. Nilimvunjia taa ya mezani kichwani ndipo akaachia. Hii ni mara ya tatu. Alipozinduka aliniuliza nani amevunja taa."

"Ulisema ni paka," Lucien alisema.

"Paka ana miaka kumi na saba, Lucien. Hata kiti hawezi kupanda."

Akafungua skafu. Alama za vidole zilikuwa nyeusi pande zote mbili za shingo, na kila kidole kingeweza kuhesabiwa.

Lucien aligeuka akalipiga kabati la mafaili kwa mkono ule ule ulioumia. Alilipiga tena na tena, bati likabonyea, nikasikia mfupa ukivunjika, na bado aliendelea. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya meza. Noella hakusogea hata hatua moja.

"Kule Ramadi, Iraki, bunduki yangu ilikwama," Lucien alisema alipochoka. "Adui mmoja aliruka ukuta. Nilimkaba. Alinipiga mateke, akanikojolea miguuni, na muda wote alikuwa ananitazama. Sikuachia mpaka akatulia."

"Daktari ulimwambia hayo?"

"Hakuuliza. Aliuliza kama sijambo."

Tukaomba apimwe upya. Kabla ya siku yenyewe, mwezi wa Machi, alinitania: "Sasa nijipake matope?"

"Usiigize chochote. Vaa kama siku ambayo hakuna anayekuangalia."

Safari hii pasi haikuwashwa. Alipotoka kwa daktari mpya, mama mmoja mfupi, aliketi kwenye gari la ofisi nililompeleka nalo.

"Kaniuliza, hujambo? Ile sijambo ilishafika kwenye meno."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia, nina jambo. Akaweka kalamu chini. Akasema, haya, lilete."

Gil bado anakunywa supu kwa mrija. Amekubali kutokwenda polisi, kwa kuwa mwenye kiwanda ni mjomba wake Lucien. Mjomba naye ametoa muda mpaka theluji iyeyuke: Lucien alete karatasi ya serikali, au arudi kwenye msumeno. Theluji iliyo juu ya paa la ofisi yangu imeanza kudondosha maji.

Hapa ofisini tunajua kwamba bahasha nyembamba mara nyingi huwa na neno la kukataa, na nene huwa na uamuzi wenye maelezo yake. Leo saa tano Noella amenipigia simu.

"Gari la posta limekata kona. Lucien ametoka na ndara kwenye theluji. Huyo dada wa posta ameshika kitu cha kahawia."

"Nene au nyembamba?"

"Ngoja, binti. Bado yuko mbali. Ngoja, ndiyo kwanza anashuka."