Mafuta Yaliyobaki Mpirani

Kisilu alikuwa dereva wa lori la tangi, kazi aliyoipenda mpaka siku alipoelewa ni ya nini. Lori lilikuwa la Diwani Javan, mtu wa maneno matamu, aliyepewa kibali cha kuwaletea watu wa Majengo mafuta taa. Serikali iliacha kupanga bei mwaka wa 1994, na mwaka uliofuata bei ilikuwa imepanda mpaka nyumba nyingi zikawa zinapika mara moja kwa siku. Kisha mafuta yenyewe yakaadimika.

Diwani hakukosa sababu. Leo ni Waarabu, kesho ni dola, keshokutwa ni meli iliyokwama Mombasa. Kisilu alijua si kweli, maana meli hiyo iliyokwama alikuwa akiiendesha yeye mwenyewe kila jioni. Mafuta taa yalitozwa kodi ndogo kwa kuwa ni ya maskini, dizeli ikatozwa kubwa. Basi Diwani aliyapeleka ya maskini kwenye kituo cha petroli cha shemeji yake huko Donholm, yakachanganywa na dizeli, yakauzwa kwa bei ya dizeli. Uchafu mtupu, na mwenyewe kavaa suti na tai.

Madereva wa matangi wana desturi yao. Ukishashusha mzigo, yale yaliyobaki ndani ya mpira wa kushushia ni yako: unauinua begani, unayamimina kwenye mtungi, na hakuna tajiri anayekuuliza. Kisilu hakuyauza ya kwake. Aliyapeleka kwa jirani yake Msomali aliyeitwa Ambaro, mama Nimco, mwenye kibanda cha sukari na viungo, naye akawapimia majirani kwa kikombe, kwa bei ya zamani. Kwa hilo Kisilu alijiona ametubu, akawa analala vizuri. Hakuwaza kwamba mafuta yakishakosekana mtaa mzima, mwenye mtungi mmoja ndiye anayeshukiwa.

Jumamosi Diwani aliitisha mkutano. Vijana wake wakaja wameuinua mtungi wa Ambaro juu ya vichwa, na Ambaro mwenyewe nyuma akisukumwa. Diwani akawaambia watu kwamba mafichoni kumejulikana, na kwamba bei haitashuka mpaka wageni wanaoficha mafuta wafundishwe adabu. Wageni! Ambaro alizaliwa Majengo, na mama yake kabla yake. Watu wakakigeukia kibanda chake, wengine wakaanza kuokota mawe. Waliopimiwa kikombe mapema wiki ile walikuwapo, wakatazama chini kimya. Hao ndio waliomtia Kisilu kinyaa kuliko hata Diwani.

Akapenya hadi mbele.

"Mtungi ni wangu," akasema. "Mafuta yenu nayapeleka Donholm kila jioni, na lori ni la huyu hapa. Haya ni yale yaliyobaki mpirani tu."

Diwani hakubadilika hata uso. Alitabasamu, akamwekea Kisilu mkono begani.

"Asante, ndugu yangu," akasema. "Mmesikia wenyewe. Mwizi amejitaja."

Watu wakakiacha kibanda, wakamrukia Kisilu. Ambaro aliwashika mmoja mmoja nguo, akiwaambia Kisilu amesema kweli, waende Donholm wakajionee. Hakuna aliyetaka kwenda Donholm; mwizi alikuwa hapa hapa, karibu na mkono. Kilichomwokoa ni askari, ambao walimtia pingu na kumsukumiza nyuma ya Land Rover yao.

Land Rover ikakohoa, ikazima. Dereva alijaribu tena na tena, akilaani dizeli wanayojaziwa kwa yule shemeji wa Diwani. Mwishowe akatoa kichwa dirishani, akaomba wananchi wasaidie.

Na wananchi, ambao tangu Alhamisi hawakuwa wamewasha jiko, walijipanga nyuma wakasukuma kwa nguvu zote. Injini ikashika. Moshi mweupe ukawafunika nyuso, na Kisilu, aliyekuwa akiwatazama kupitia wavu, akaisikia harufu ya mafuta taa yao. Walikuwa wakipiga makofi.